Chumba cha Mtu Mmoja

Bi Mwache Faki alifungua daftari la wageni,
akaandika jina langu, akaacha nafasi chini yake.
"Na mwenzio?"
Nikamwambia sina. Nimekuja mimi na mkoba.
Kalamu ikabaki hewani kidogo,
kisha akachora mstari pale kwenye nafasi,
taratibu, kama anayeziba tundu la panya.
"Haya. Karibu Wete. Maji ya moto yako jikoni,
ukiyataka gonga ukuta, usione haya."

Nilichokifuata ni hicho tu:
mlango unaofungwa kwa ndani.
Kwetu Tabora nimelala na wadogo zangu,
kisha na wanangu, kisha na mama mgonjwa;
miaka hamsini na miwili sijapata kusikia
pumzi yangu ikienda na kurudi peke yake.

Asubuhi, Kombo wa baiskeli hakutaka rehani.
"Nikikimbia nayo?"
Akacheka hadi akashika nguzo ya duka.
"Ukimbie wende wapi, bi mkubwa? Hichi kisiwa.
Utazunguka, utazunguka, utanikuta papa hapa."
Kiti kilikuwa juu. Vidole vya miguu
viliifikia ardhi kwa kusihi.
Sikusema. Mgeni hakosoi.

Barabara ya Konde ni vilima:
inapanda kama iliyosahau jambo,
inashuka kama imelikumbuka.
Karafuu zimeanikwa majamvini kando ya lami,
nikazipita nikizivuta puani, bure.
Kila mlango salamu, kila salamu swali.
"Hujambo? Wendapi? U na nani?"
Mara ya kwanza nilijibu kwa majivuno,
ya kumi kwa kuhema,
ya ishirini nikajibu kabla sijaulizwa.

Mvua ikanikamata kabla ya Konde,
mvua ile isiyo na utangulizi.
Sauti ikaniita barazani, mkono ukaiwahi baiskeli,
na bakuli la shelisheli la nazi
likawa mapajani mwangu
kabla sijajua nimeingia kwa nani.
Wanawake watatu, sinia katikati,
wanachambua karafuu na makonyo.
"Umefiwa?" "La."
"Umeachwa?" "La."
"Wamekuudhi huko kwenu?" "Hata."
Wakatazamana.
Mdogo wao, Mkasi, akauliza kwa huruma kabisa,
"Basi umepotea?"

Nikatafuta neno. Kutembea tu:
lilionekana dogo mno,
kama kumwambia mtu umechota maji ili uyatazame.
Nikasema, "Nimekuja kusikia kimya."
Mkubwa wao akatikisa kichwa, ameelewa,
akawageukia wenzake:
"Basi tumnyamazieni mgeni."
Na wakanyamaza kweli, wote watatu,
makonyo yakidondoka siniani, tik, tik,
mvua ikijisemea juu ya bati,
hata nikaona haya,
nikavuta fungu langu nikachambua nao.
Hatukusema kitu mpaka mvua ikakatika.
Nimepewa kanga, nimepewa kuku, nimepewa lawama;
kimya sikuwahi kupewa na mtu.

Jioni nikarudi na mfuko wa shokishoki,
magoti yanalia.
Nikafunga mlango kwa ndani.
Kimya changu kikaja kikakaa kitandani,
kinanuka karafuu za vidole vyangu.
Nikala shokishoki gizani, nikiyapanga maganda dirishani,
nikisikiliza ile pumzi:
inaenda, inarudi,
kumbe haina habari yoyote.
Na kwenye saa tatu hivi,
bila haja hata ya tone la maji,
nikagonga ukuta.

Upande wa pili, Bi Mwache naye akagonga.
Mara moja tu. Wala hakuja.

Asubuhi baiskeli ilikuwa pale pale nilipoiegemeza,
kiti kimeshushwa vidole viwili.
Kombo alikuwa ng'ambo ya barabara anapuliza chai.
Hakunitazama.